Wavu wa Mwani

Karakana ya mabomba, hospitalini
Tarehe 9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Najua huko shambani simu haishiki mpaka mtu apande kilima, na wewe na vilima mlishaachana, kwa hiyo naandika. Kondakta wa basi la asubuhi ameahidi kukukabidhi barua mkononi.

Nianze na baya. Tangi lako la samaki la ukumbi wa kusubiri limegeuka. Tangu ustaafu, mwani umepanda kwenye kioo, umefunika mawe, na sasa unayanyemelea matumbawe. Nasugua Jumatatu, Alhamisi umerudi kama sijagusa kitu. Nabadilisha maji ulivyonifundisha, ndoo kwa ndoo, nachanganya chumvi, napima, lakini ni kazi ya kujaza pakacha. Juzi mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na mwanawe alijifunika pua. Nilimwona, naye aliona kwamba nimemwona.

Daktari Mkuu mpya wa kliniki ya watoto, aliyekuja baada ya wewe kuondoka, aliniita ofisini. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alisema ukumbi wa kusubiri utapakwa rangi upya, na kazi ikiisha mwishoni mwa Aprili atakuja kutazama. Tangi likiwa safi litabaki. Likiwa hivi lilivyo litatolewa, maana watoto wanaofika pale tayari ni wagonjwa na hataki wakae mbele ya dimbwi.

Mjomba, tangi hilo ulilijenga wewe, mabomba yake ni masalio ya wodi mpya, na mimi ndiye niliyekushikia tochi nilipokuwa mwanafunzi wako. Halitolewi.

Kuna mama mfugaji wa samaki aliyemleta mwanawe kutibiwa. Alilitazama tangi kwa muda mrefu, akaniambia, "Mwani huu umenenepa kwa sababu una chakula. Upe mahali pengine pazuri zaidi pa kulia, utahama wenyewe." Kumbe yeye kwake anatumia kitu anachokiita kichujio cha mwani. Unachukua wavu mgumu wa plastiki, unaukwaruza mpaka uwe kama ulimi wa paka, unautundika nje ya tangi. Pampu inapandisha maji ya tangi, yanauteremkia bila kukoma, na taa kali inaumulika. Mwani unaota pale kwa raha zake na kula mbolea yote inayotokana na kinyesi cha samaki na makombo. Kila wiki unaukwangua na kuutupa, na uchafu unaondoka nao. Ule wa kwenye kioo unabaki na njaa. Wanasema adui yako mwombee njaa. Huyu mama hamwombei, anamnyima.

Nitakitengeneza. Nakuambia mapema usije ukafikiri naomba ruhusa.

Mpwa wako,
Koleo


Shambani
Tarehe 17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko wa mkaza mjomba wako. Nilijikata na jembe, kidole kilekile cha kushikia kalamu, kwa hiyo mimi nasema na yeye anaandika. Ananiambia nipunguze mwendo, yeye si karani.

Hilo la mama mfugaji silitaki. Nimepigana na mwani maisha yangu yote ya kazi, leo niufungulie kitalu? Gugu halimalizwi kwa kupandwa. Punguza chakula cha samaki, kwanza. Zima taa za tangi kwa siku chache, sugua, badilisha maji, halafu sugua tena. Na ile mashine ya povu inayotoa uchafu majini uifungue uisafishe, huenda imeziba.

Lakini nieleze vizuri hali ilivyo. Kusema mwani "umepanda" hakunisaidii. Ni wa kijani gani, cha jani changa au cha chupa? Ukiuvuta unang'oka wote au unakatikia mkononi? Maji yenyewe yana rangi? Na Mkaguzi hajambo? Siku zote nilipofika kazini, kabla ya kumsalimia mtu, nilimtazama samaki yule wa buluu akipita kioo kutoka pembe hadi pembe kama mkaguzi wa majengo. Akipita mpaka mwisho, najua tangi lina uhai. Akigeukia katikati, najua kuna tatizo. Niambie anageukia wapi.

Nilikupa jina la Koleo kwa sababu ukishika kitu huachii, na sasa naona jina limenirudia mwenyewe. Kuhusu kutolewa kwa tangi hatuna ugomvi. Halitolewi.

Mjomba wako

Na mimi mwandishi nakusalimu, mwanangu. Anakula vizuri. Siku hizi anapenda sana kukaa barazani.


Karakana
Tarehe 4 Machi

Mjomba,

Nimepunguza chakula, nimezima taa, nimesugua, nimeisafisha mashine ya povu. Mwani ulilala siku mbili tatu, ukaamka na nguvu mpya. Ushauri wako nimeutii wote. Sasa nimetii na wangu.

Wavu nimeununua kwenye duka la nyuzi, ni ule wa plastiki wanaofumia vitambaa vya meza. Nimeukwaruza pande zote mbili kwa msumeno wa chuma mpaka viganja vikanichubuka. Bomba la juu nimelipasua mstari mmoja kwa urefu, kiasi cha wavu kuingia, ili maji yauteremkie kama shuka. Bomba la kwanza nilipasua upogo, maji yote yakakimbilia upande mmoja. La pili likakubali. Nimefunga taa za mwanga mwekundu kila upande, nikaweka vyote ndani ya boksi pembeni ya tangi. Boksi lina mwanya, kwa hiyo kona ile ya ukumbi imekuwa ya waridi, na muuguzi wa mapokezi kila asubuhi ananiuliza disko linaanza saa ngapi.

Kwa sasa wavu umeshika ute wa kahawia tu. Mama mfugaji alinionya kwamba huo ndio mwanzo wake, nisikate tamaa wala nisiukwangue wote. Nakutumia picha sita. Nimezisafisha kwa mpiga picha ili uone kila kitu vizuri, na nyuma ya kila moja nimeandika ni ya nini. Ya tatu ndiyo wavu wenyewe. Itazame hiyo sana.

Mkaguzi amekonda kidogo, lakini anafika pembe hadi pembe.

Mpwa wako,
Koleo


Shambani
Tarehe 13 Machi

Mpwa wangu,

Picha zimefika salama. Sasa nieleze.

Huo ute wa kahawia ni wa kahawia gani? Wa chai au wa kutu? Uko wavu mzima au kuna mahali patupu? Ukiugusa unateleza au una chembechembe? Na maji yanashukaje? Sitaki kuambiwa kwamba yanashuka, hilo najua. Nataka kujua yanashika wavu kutoka ukingo hadi ukingo au yanaacha mapengo. Weka sikio pale. Maji yanayoteremka sawasawa hayana maneno. Ukisikia yanadondoka, jua kuna mahali yameuacha wavu. Wewe unasikia nini?

Na hizo taa umezikinga? Maji ya chumvi yakirukia umeme hayaombi radhi.

Bado siafiki jambo lenyewe. Ila kitu nisichokiafiki kikitengenezwa vibaya kinaniudhi mara mbili. Kwa hiyo kitengeneze vizuri nipate kukipinga vizuri.

Kidole hakijapona, ndiyo maana mwandiko ni uleule.

Mjomba wako


Karakana
Tarehe 24 Machi

Mjomba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo, na ndoo yenyewe ilikuwa imepinduliwa, ujue nilivyochoka.

Nimekutumia picha sita. Nimeacha kazi nikaenda kusimama kwa mpiga picha, nikasubiri, nikaziandika nyuma moja moja. Wewe unaniuliza kahawia gani. Unauliza kama wavu una mahali patupu, wakati picha ya tatu inaonyesha patupu peupe, hata mtoto wa chekechea angepaonyesha kwa kidole. Hukuzitazama, Mjomba. Kama uliamua tangu mwanzo kwamba hii ni kazi ya kijinga, ungeniambia hivyo nikajua moja.

Na kidole gani hicho? Wewe ulikuwa unajikata asubuhi na mchana unafunga koki kwa mkono huohuo. Leo kidole kimoja kinashindwa kupona mwezi na zaidi? Nafikiri huna kidonda. Umechoka na tangi, umechoka na mimi, na unaona aibu kuliandika hilo kwa mkono wako.

Nikujibu basi, nisije nikaonekana sina adabu. Ute bado ni wa kahawia. Chumvi ilirukia taa ikala fyuzi, nimetengeneza. Mkaguzi anaendelea na zamu.

Sitaandika tena mpaka wavu uwe wa kijani. Na utakuwa wa kijani.

Koleo


Shambani
Tarehe 30 Machi

Mwanangu Koleo,

Barua hii ni yangu mimi, mkaza mjomba wako, na yeye hajui kama naandika. Amelala barazani.

Mjomba wako haoni.

Nimeliandika hivyo moja kwa moja kwa sababu nimejaribu kulizungusha mara tatu nikachana karatasi. Ni presha ya macho. Ilianza kumla taratibu akiwa bado kazini, na alipokwenda kupimwa aliambiwa kilichopotea hakirudi. Miezi yake ya mwisho hapo hospitalini alikuwa anafunga koki kwa kupapasa. Siku mliyomuaga alimfuata kila mtu kwa sauti, akampa mkono, na hakuna aliyegundua. Alirudi nyumbani siku ile anajisifu kama mtoto aliyeruka ukuta. Kidole kilipona zamani. Kilikuwa mkwaruzo tu.

Nilimsihi akuambie, akakataa. Alisema hivi: "Akijua, ataacha kubishana na mimi. Atanikubalia kila kitu kama anayembembeleza mgonjwa, na mimi nitakuwa nimekwisha." Ndiyo maana tulinyamaza.

Picha zako ziko kwenye mfuko wa shati lake. Anazipapasa, anazipanga, ananipa ya tatu ananiambia nimweleze. Nami najua nini, mwanangu? Nilimwambia naona kitu kama zulia lililolowa. Akakasirika, akasema zulia si rangi. Tulinuniana mpaka jioni. Basi ndiyo maana anakuuliza wewe.

Barua yako ya mwisho nilimsomea yote isipokuwa mahali pa kidole. Hapo niliruka. Sijawahi kumrukia mstari, na naona alihisi, maana aliuliza, "Ndiyo hayo tu?" Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo hajasema neno juu ya tangi.

Sikuagizi la kufanya. Nimekuambia kwa sababu ulikuwa unamkasirikia mtu ambaye hayupo.

Mkaza mjomba wako


Karakana
Tarehe 8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nilisema sitaandika mpaka wavu uwe wa kijani. Ni wa kijani.

Uliuliza mengi na mimi nikakujibu kwa hasira. Nayajibu sasa, uyapate yote.

Kahawia ile ilikuwa ya chai ya maziwa, si ya kutu. Ilikuwa inateleza kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Wiki iliyopita ilianza kung'oka yenyewe vipande vipande, na chini yake palikuwa pameota kitu kifupi, kigumu kidogo, kama ndevu za jana. Ukipitisha kiganja kuelekea chini kinalala, ukirudisha juu kinakukwaruza. Hicho ndicho mwani wenyewe. Sasa una urefu wa kiungo cha kidole, na ni kijani cha jani changa kabisa, lile linalong'aa baada ya mvua. Ukiuvuta hauji kirahisi, umeshika kwelikweli. Nimeuvuna upande mmoja na kuuacha upande wa pili uendelee kufanya kazi. Ukijaa mkononi ni mzito kuliko unavyotegemea, na ukiukamua unatoa maji kama tambara la kudekia. Harufu yake ni ya bahari, safi, haina uvundo wa mfereji.

Maji nimeyasikiliza. Ulikuwa sahihi, upande wa kushoto yalikuwa yanadondoka. Mwani ulikuwa umeingia mpaka kwenye ule mpasuko wa bomba, kwa sababu mwanga ulikuwa unapenya hapo. Nimelisafisha bomba nikalifunika kwa utepe mweusi, na sasa sisikii kitu ila mvumo wa pampu.

Kioo cha tangi sijakigusa kwa sugulio tangu wiki iliyopita. Mwani wa kwenye mawe umepauka, unakatika wenyewe, kamba na konokono wanamalizia. Kwa hiyo kuhusu kutopanda gugu, Mjomba, umekosea, na nitaendelea kusema umekosea mpaka ukiri.

Sasa lile ambalo sikukuambia. Mkaguzi amekufa. Niliandika kwamba anaendelea na zamu na nilikuwa nimekwisha kumzika nyuma ya karakana. Chumvi ilipokula fyuzi ilikuwa Jumapili, hakuna mtu ukumbini, na taa na pampu zilikuwa kwenye umeme mmoja. Pampu ilisimama, maji yakakosa hewa. Jumatatu nilipoingia niliwakuta wengine wakihema juu juu, na yeye amelala kwenye changarawe. Alikuwa tayari amekonda, hakustahimili. Uliniuliza kama nimekinga taa. Swali lako lilifika kabla ya ajali, na mimi nililiona ni la kunikera.

Sasa taa zina kioo mbele na zina fyuzi yake. Pampu ina yake. Haitatokea tena.

Imebaki kidogo Aprili iishe. Naendelea.

Mpwa wako,
Koleo


Shambani
Tarehe 15 Aprili

Mpwa wangu,

Ulipofika kwenye harufu nilijua umeambiwa. Fundi mwenzako mwenye macho humwelezi harufu. Nimemwambia mwandishi hivyo, na mwandishi akaacha kuandika, akaenda kuchota maji ambayo yalikuwa yamekwisha kuchotwa. Amerudi. Simlaumu. Alibeba mzigo wangu na wa kwako pamoja, na kalamu juu yake.

Basi ndivyo ilivyo. Asubuhi naona mwanga upande mmoja, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Mtu akipita naona kivuli. Baadaye hata hicho kitaondoka, wameniambia. Sikulii. Nilifikiri ningelia, lakini kila nikijiandaa kuna jambo la kufanya.

Halafu ikaja habari ya Mkaguzi. Nilimwambia mwandishi aache kusoma nikatembea hadi ukingo wa shamba na kurudi, kwa kamba niliyojifungia. Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi, na sikuwahi kumwogopa mmoja wao kama nilivyomwogopa yule samaki. Lakini sikiliza. Hata mimi nilifunga pampu na taa kwenye umeme mmoja, miaka yote ile, na haikunipata kwa bahati tu. Fyuzi mbili ni akili yako, si yangu. Wewe umenificha samaki, mimi nimekuficha macho. Tumetoka sare, tusirudi huko.

Sasa kuhusu kichujio. Kioo hakijasuguliwa zaidi ya wiki na mwani wa mawe unapauka? Mama, andika neno lenyewe: nimekosea.

Ameliandika huku anacheka.

Nakuja. Nitapanda basi la Jumatano ya wiki ya mwisho. Nataka kuushika huo wavu kabla daktari wako hajaja. Usije kunipokea kwa sauti ya hospitalini, ile mnayowasemesha wagonjwa. Na tukikuta kazi mbaya nitasema, na wewe ujibu kama ulivyozoea kujibu.

Mjomba wako


Karakana
Tarehe 30 Aprili

Mkaza mjomba,

Shikamoo. Nilikuahidi kukuandikia kila kitu, na kwa kuwa safari hii mwandishi wake amebaki shambani, kazi imeniangukia mimi.

Alifika salama. Kituoni nilimpa mkono akausukuma, akanishika bega, tukaenda hivyo, mimi mbele na yeye nyuma kama mtu anayenipeleka polisi. Hakutaka kupumzika. Alisema apelekwe tangini, na tulipofika ukumbini alisimama kwenye ile harufu ya rangi mpya, akasikiliza kidogo, akaenda mwenyewe hadi kwenye boksi. Akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono.

Aliupapasa wavu kutoka juu hadi chini, akasugua mwani kati ya vidole, akaunusa, akarudi kwenye bomba akapitisha ukucha kwenye mpasuko wote. Nilimsubiri aseme kuhusu mwani. Akaniambia bomba limelalia kulia. Nikamwambia nimelipima kwa pima maji. Akasema pima maji yangu na ukuta wa hospitali hii vyote vina kasoro, niweke kipande cha plastiki chini ya bano la kulia. Tulibishana mpaka muuguzi wa mapokezi akatuomba tupunguze sauti kwa sababu ya watoto. Nikaweka plastiki. Maji yakanyooka.

Jana akaja Daktari Mkuu.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya tangi, amevaa shati lake la safari, miguu pamoja. Daktari hakumjua. Nilimwambia kwamba huyu ndiye aliyelijenga, akampa pole ya safari, na Mjomba akasimama akamwelekea vizuri kabisa, akimfuata kwa sauti kama ulivyonieleza. Kisha akasema, "Daktari, kabla hujaamua nina ombi. Niambie unachokiona."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Nadhani alifikiri ni mtihani wa wazee, akatabasamu akageukia tangi. Mwanzoni alisema haraka haraka kama anayesoma cheti: kuna mawe, kuna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari, kuna kitu kama ua kinafunguka na kujifunga. Mjomba akamwambia hilo ua ni mnyama, na wale wawili ndimo wanamolala. Akamuuliza kuna nini kingine. Daktari akainama. Akasema kuna kamba mwekundu, na samaki mmoja amempanulia mdomo, na kamba ameingia mdomoni mle.

"Anamsafisha meno," Mjomba alisema. "Mwache. Kioo je?"

"Safi."

"Mawe?"

"Yana waridi na zambarau. Sikujua kama yana rangi."

"Na maji?"

Daktari akasogea upande, akachutama, akatazama tangi kwa ubavu, kutoka kioo cha mwanzo hadi cha mwisho. Akasema, "Mzee, maji siyaoni."

Mjomba akacheka. Si kicheko kikubwa, unakijua, kile cha puani. Akamwambia, "Basi tuko sawa, Daktari. Hata mimi siyaoni."

Hapo ndipo daktari alipomtazama usoni vizuri. Nilimwona akielewa. Niliogopa ataanza kuomba msamaha au atabadilisha sauti, na Mjomba angeondoka palepale. Hakufanya hivyo. Alivuta kiti, yeye ambaye hatujawahi kumwona amekaa ukumbini, akakaa karibu naye na kuendelea pale alipoishia. Alimweleza samaki mmoja baada ya mwingine, na Mjomba akawa anamrekebisha, huyo si wa manjano, huyo ni wa rangi ya ndizi iliyoiva, hebu tazama tena. Na daktari anatazama tena. Foleni ikamsubiri. Watoto wawili wakaacha mama zao wakaja kusimama nyuma ya kiti chake, wakaanza kumsaidia kuhesabu.

Alipoinuka alisema tangi linabaki. Halafu akaniuliza kama tangi kama hili linaweza kutengenezwa pia kwa ajili ya wodi ya ghorofani, wanakolazwa watoto wa muda mrefu, ambao hawawezi kushuka kuja kuona. Nilikuwa nafikiria ngazi, uzito wa maji, sakafu ya ghorofani. Mjomba akajibu kabla yangu. Alisema inawezekana.

Nilimvuta pembeni nikamwambia hajui hata chumba chenyewe kikoje. Akasema nitamweleza.

Tangu asubuhi yuko karakana. Hivi ninavyoandika anakwaruza wavu wa pili na analalamika kwamba msumeno wangu umekuwa butu na kwamba ule wa kwanza niliukwaruza kama ninayempapasa paka. Nimejaribu kumwambia apumzike, ameniambia niandike barua yangu.

Kwa hiyo Jumamosi hatarudi kama mlivyopanga. Wala sidhani kama atarudi Jumamosi inayofuata. Tafadhali mpe kondakta suruali yake ya kazi, ile nzito yenye viraka vya magotini, na shati jingine lolote. Anasema hii ya safari haifai kupigia magoti. Na wewe mwenyewe, ukiweza kumwachia jirani kuku, panda na mzigo huohuo. Ubishi wake ni mwingi kwa mtu mmoja.

Mpwa wenu,
Koleo